Uling'atwa na kupe, sasa jicho linaona ukungu: fanya hivi

Kabla hujatafuta kibano, kabla hujakimbilia duka la dawa, tafuta kalamu. Andika tarehe uliyomkuta kupe mwilini na mahali ulipokuwa, iwe kwenye simu au kwenye kalenda ya ukutani, popote pale utakapopaona tena. Naanza na hapo makusudi kwa sababu ndio kitu tunachokiruka wote halafu ndio kinatuponza, maana kati ya siku ya kung'atwa na siku jicho linaanza kusumbua zinaweza kupita wiki mbili, tatu, saa nyingine miezi, na ukifika kliniki ya macho utaulizwa sukari, utaulizwa presha, utaulizwa kama unavaa miwani, kupe hakuna wa kukuuliza. Hapa Dar nani anafikiria kupe? Kupe ni wa ng'ombe, na ng'ombe wako Dodoma huko.

Sisi tulijifunza kwa mdogo wangu wa kiume. Walienda msiba kijijini kwa bibi, upande huo huo wa Dodoma, watu wengi, vitanda vichache, vijana wakalazwa chini kwenye mkeka ndani ya ile nyumba ya zamani ya tembe. Siku nne. Akarudi zake Tandika, kama wiki hivi homa ikamshika, ile ya kutetemeka mpaka meno yanagongana. Duka la dawa wakampa ya malaria bila kipimo, siku ya tatu homa ikaondoka, tukasema dawa imefanya kazi. Wiki nzima yuko fresh anapiga kazi, homa ikarudi. Dawa ya malaria tena, safari hii ya bei juu kidogo, homa ikaondoka tena na sisi tukaisifia tena. Ya tatu ilikuja na kichwa kizito, mdomo umevutwa upande mmoja, mama anasema kijana kapigwa na upepo mbaya, na jicho la kulia analalamika linauma akiligeuza, halafu nyekundu ya taa za gari anaiona kama imefuliwa na jiki. Kituo cha kwanza kipimo cha haraka kikasema hana malaria, tukapewa matone ya macho tukarudi nyumbani. Kituo cha pili ndio tukamkuta mama mmoja wa maabara, mtu mzima, akaweka slaidi kwenye darubini akaikodolea muda mrefu, akatoka nje akauliza swali moja tu: huyu kijana hivi karibuni kalala wapi?

Kwa hiyo haya ninayoandika ni yale ambayo tungeyajua mapema tusingezunguka wiki tano. Mimi sio daktari, nimeuliza sana, nimesoma sana, na nimekaa sana kwenye mabenchi ya hospitali.

Kwanza ujue ni mdudu gani

Kuna kupe wale tunaowajua, wa ngozi ngumu, anayeng'ang'ania kwenye ngozi siku kadhaa mpaka anavimba kama harage. Halafu kuna papasi, huyu ni jamaa yake kupe lakini tabia tofauti kabisa, ana ngozi laini iliyokunjamana, anaishi kwenye nyufa za sakafu ya udongo na kuta za tope, anatoka usiku, anakunywa damu kama nusu saa tu halafu anarudi zake ufa. Asubuhi humwoni. Unaona kidoti mwilini unasema ni mbu au kunguni. Na anaweza kukaa miaka bila kula, kwa hiyo ile hadithi ya "chumba hiki hakijalaliwa muda mrefu, kiko salama" ifute.

Papasi ndiye anayeleta homa ya papasi, homa inayokwenda na kurudi, kutokana na bakteria mwenye umbo la springi wa kundi la borelia. Ugonjwa wa hapa kwetu huu, wala sio wa kuletwa na ndege. Robert Koch mwenyewe alikuja huku mwaka 1905 enzi za Wajerumani akachunguza papasi wa kwenye njia za misafara, akawakuta vijidudu mpaka ndani ya mayai ya papasi, yaani mama anawarithisha watoto. Mwaka huo huo Mwingereza mmoja, Dutton, akafa Kongo akiwa anauchunguza ugonjwa huu huu, na bakteria wa huku kwetu akapewa jina lake.

Kupe wa ng'ombe na wa mbwa wao wanaleta homa za riketsia, bakteria wa kundi lingine. Wa ng'ombe analeta ile inayoitwa homa ya kupe ya Afrika, mbwa naye ana kupe wake wa kahawia ambaye hayuko porini tu, yuko mpaka ndani ya banda lako la Goba, Kigamboni, Mbezi. Alama yake ukibahatika kuiona ni kigaga cheusi pale alipong'ata, kama umeunguzwa na sigara, na mitoki kwenye kinena au kwapa. Ng'ombe wanaoshushwa mnada wa Pugu wanatoka mikoani, na kupe hashuki njiani.

Ugonjwa wa Lyme, ambao ndio utauona kila ukisachi "kupe na macho", ni wa Marekani ya Kaskazini, Ulaya na sehemu za Asia. Jina limetoka kwenye mji wa Lyme kule Connecticut ambako mwaka 1975 watoto wengi walianza kuvimba magoti kwa pamoja. Kama una ndugu kasoma Ujerumani akatembea misituni, au wewe umerudi juzi kutoka Marekani, hiyo ni stori yako. Kama hujatoka Temeke mwaka mzima usijipe Lyme kwa sababu ya video.

Jicho linaingiaje hapo

Nyuma ya jicho kuna mshipa wa fahamu mmoja, neva ya jicho, urefu kama sentimita 5 hivi, ndani yake kuna nyuzi zaidi ya milioni 1 zinazopeleka picha kwenye ubongo. Fikiria waya wa king'amuzi. Tivii inaweza kuwa mpya na dishi likawa zima, waya ukibanwa hapo kati unapata chenga. Na huu waya ukikatika haujiungi, ndio maana muda ni kitu kikubwa hapa.

Vijidudu vya kupe vinaufikia kwa njia zaidi ya moja. Borelia anaweza kupenya kwenye utando wa ubongo na mishipa ya fahamu akaleta uvimbe pale pale, ndio maana utaona uso umepinda na jicho linasumbua kwa mtu huyo huyo. Anaweza pia kuleta uvimbe ndani ya jicho lenyewe, jicho linakuwa jekundu, linaogopa mwanga. Riketsia yeye anashambulia kuta za mishipa midogo ya damu, na mishipa ya damu ya retina, ule utando wa nyuma ndani ya jicho unaopokea picha, ni midogo mno, ikivimba damu haipiti vizuri na retina au kichwa cha neva, pale inapoungana na jicho, vinaathirika. Halafu kuna njia ya presha: maji yanayozunguka ubongo yakipanda presha kwa sababu ya maambukizi, yanaisukuma neva kwa nyuma, daktari akichungulia anakuta kichwa cha neva kimevimba macho yote mawili. Kwenye Lyme hii inaonekana zaidi kwa watoto.

Niseme wazi hapa ili mtu asilale na hofu, neva ya jicho kuathirika kutokana na kupe ni kitu kisicho cha kawaida. Wengi wanaong'atwa hawaumwi chochote, na wanaoumwa wengi wanaishia homa na kichwa. Lakini ikitokea inatibika, ila ukichelewa unaanza kuhesabu kilichobaki, ndio maana naandika.

Kumtoa kupe

Hii ni fupi. Kibano chembamba, hata kile cha kunyolea nyusi, safisha na spiriti, mshike kupe karibu kabisa na ngozi, kichwani sio tumboni, vuta moja kwa moja kwenda juu taratibu bila kuzungusha. Kipande cha mdomo kikibaki usichimbe na sindano, ngozi itakitoa. Osha kwa maji na sabuni, pakaa spiriti.

Usimchome na kiberiti, usimpake mafuta ya taa, usimpake mafuta ya kujipaka wala rangi ya kucha ukisubiri azibwe pumzi. Ukimsumbua hivyo anaweza kukutapikia yale yaliyo tumboni mwake, na ndio unayoyakwepa. Mweke kwenye kichupa au mbandike kwa selotepu kwenye karatasi yenye tarehe.

Na hili linahusu macho moja kwa moja: usimpasue kupe kwa vidole. Najua inavyokuwa, unamtoa mbwa kupe mmoja mmoja, pah, pah, damu mkononi, jasho linaingia jichoni unajifuta na mkono huo huo. Riketsia anaweza kuingia kupitia ule utando wa jicho bila kung'atwa na mtu yeyote. Watupe kwenye kopo lenye spiriti au maji ya sabuni, vaa glovu, nawa.

Kupe akiwa kwenye kope au ukingo wa jicho hapo mwache kama alivyo, nenda kliniki ya macho wamtoe wao. Usilete ujuaji karibu na mboni.

Wiki zinazofuata

Homa ya kupe wa ng'ombe au mbwa mara nyingi inajitokeza ndani ya wiki moja au mbili. Ya papasi kawaida kama wiki moja, inaweza kusogea mpaka wiki mbili na zaidi, inapanda siku kama tatu, inapotea karibu wiki, inarudi. Ule mtindo wa kwenda na kurudi ndio utambulisho wake, kijidudu kinabadilisha koti lake la nje kila kinga ya mwili ikishakizoea, ni kama kibaka anayebadilisha shati Kariakoo, polisi wanamtafuta mwenye fulana ya bluu na yeye keshavaa nyeupe. Sasa wewe ukimeza dawa ya malaria siku ya pili na homa ikajiondokea yenyewe siku ya tatu, dawa inapata sifa ambayo sio yake. Tulimsifia mtu asiyecheza.

Homa ikirudi mara ya pili baada ya safari ya kijijini, acha kununua dawa, nenda ukapimwe damu kwa darubini, na nenda wakati homa iko juu, sio ikishatulia, maana hapo ndipo vijidudu vya papasi vinaonekana kwenye slaidi. Kile kipimo cha haraka cha malaria cha tone la damu hakivioni vijidudu vya papasi hata vikiwa vimejaa tele. Na waambie, "naomba muangalie na homa ya papasi." Sema hivyo hivyo bila aibu.

Jipime macho nyumbani, dakika tano

Kosa kubwa tunajipima na macho yote mawili wazi. Jicho zima linamfichia siri mwenzake, unaweza kukaa wiki hujui kama moja limeshapotea nusu. Funika moja kwa kiganja, usilibonyeze, ukishamaliza hamia la pili.

Kusoma: simama kituoni soma majina ya njia kwenye daladala zinazokuja, jicho moja moja. Kama kulia unasoma "Mbagala" kuanzia mbali na kushoto mpaka ifike puani, kuna kitu. Kama unavaa miwani pima ukiwa umeivaa.

Rangi: hiki ndicho kipimo ninachokipenda kuliko vyote. Chukua kifuniko chekundu cha soda, kiangalie kwa jicho moja kisha lingine, mahali pale pale, mwanga ule ule. Neva ikivimba nyekundu inapauka, inakuwa kama pinki au kama kutu, hata kama bado unasoma vizuri. Mdogo wangu aliliona hili kwenye taa za gari kabla mtu yeyote hajaliona kwenye kipimo.

Katikati: tazama sehemu moja ya wavu wa mbu dirishani au kona ya marumaru. Kuna doa jeusi, kuna eneo limepotea? Mistari ikionekana imepinda mara nyingi shida ni ya retina, vyovyote vile nenda.

Maumivu: geuza jicho kulia, kushoto, juu, chini bila kugeuza kichwa. Maumivu ya nyuma ya jicho yanayokuja likigeuka, pamoja na ukungu, ni dalili ya neva iliyovimba.

Mboni: hii inataka mwenzako. Chumba cha giza, umeme ukikatika ndio wakati wake, mwenzako amulike tochi ya simu jicho moja sekunde mbili tatu, ahamie la pili, arudi. Mboni zote zinatakiwa zisinyae. Kama tochi ikihamia kwenye jicho bovu mboni inatanuka badala ya kusinyaa, hiyo haihitaji maoni ya majirani. Daktari atarudia mwenyewe, wewe mpelekee tu taarifa.

Andika matokeo na tarehe. Kama jicho limepungua ghafla, kama ni yote mawili, kama unaona vitu viwili viwili, kama uso umepinda, kichwa kinauma na kutapika, shingo imekaza au mtu anaongea vitu havieleweki, hapo hakuna kujipima tena kesho, ni hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni saa nane usiku na bodaboda anataka bei ya sikukuu.

Ukifika hospitali useme nini

Dar tuna bahati ya hospitali, tatizo letu ni maelezo. Unaweza kuanzia hospitali ya rufaa ya mkoa iliyo karibu nawe, Amana, Temeke au Mwananyamala, wakakupa rufaa ya Muhimbili, na kwa macho kuna CCBRT kule Msasani. Chukua kadi ya bima kama unayo, na usiende peke yako, kwa sababu wakikuwekea matone ya kupanua mboni hutaona karibu vizuri kwa saa kadhaa na jua la Dar litakuwa adui yako, beba miwani ya jua na mtu wa kukuvusha barabara.

Ukiingia, shikamoo zikiisha, usiseme "macho yananisumbua" ukanyamaza. Sema hivi kwa mpangilio: dokta, tarehe fulani nililala sehemu fulani kwenye nyumba ya udongo, au nilimtoa kupe hapa, baada ya siku kadhaa homa ilikuja ikaondoka ikarudi, jicho hili lilianza tarehe fulani, linauma nikiligeuza, na nyekundu imepauka. Sekunde thelathini. Utaona daktari anaacha kuandika anakuangalia.

Taja dawa zote ulizokwisha kunywa. Zote. Hata zile za nusu dozi.

Atachungulia nyuma ya jicho. Hapa kuna kitu kinachanganya watu, neva ikiwa imevimba kwa nyuma zaidi, mbali na pale anapoweza kuona, jicho litaonekana zima kabisa, mgonjwa haoni na daktari naye haoni kitu. Ukiambiwa "jicho lako zima" na wewe huoni, usitukane wala usikate tamaa, rudia habari ya rangi na maumivu, omba akupime mboni na tochi. Unaweza kutumwa MRI, ile picha ya mashine kubwa inayoonyesha ubongo na neva, na vipimo vya damu.

Na wanaweza kutaka kuchukua maji ya uti wa mgongo. Hapa ndipo familia nyingi zinapombeba mgonjwa zikaondoka naye, kwa sababu kila ukoo una hadithi ya mtu aliyechomwa mgongo akapooza. Sindano inaingia chini, kiunoni, chini ya pale uti wenyewe unapoishia, na kama kichwa cha neva kimevimba kwanza mtu anapigwa picha ya kichwa kuhakikisha ni salama kuchoma. Mama yangu alikataa saa mbili nzima, tukamweka dokta mmoja kijana akamchorea kwenye karatasi, akakubali. Ile karatasi bado anayo kwenye pochi.

Kitu kimoja kuhusu Lyme kwa wale waliosafiri: kipimo chake cha damu kinaweza kusoma kwamba unayo kumbe ni kaswende, au ni homa yetu ya papasi, kwa sababu vijidudu hivi ni ndugu. Kwa hiyo ukipimwa kaswende usikasirike ukaona umedharauliwa. Kaswende yenyewe inaweza kushambulia neva ya jicho na inatibika kwa penisilini.

Dawa, na mambo ya kutofanya

Dawa inayotumika sana kwa homa za kupe na papasi ni doksisaiklini, mjamzito na mtoto mdogo daktari huweza kuchagua nyingine kama erithromaisini, na vijidudu vikishafika kwenye ubongo au neva mara nyingi wanatumia sindano ya seftriaksoni. Dozi sikuandikii, kila mtu na yake.

Kuna kitu kinaitwa kushtuka kwa mwili baada ya dozi ya kwanza, kwenye homa ya papasi hasa. Saa chache baada ya dawa mgonjwa anatetemeka, homa inapaa kuliko mwanzo, presha inaweza kushuka. Vijidudu vinakufa kwa mpigo na mwili unapokea mzoga wake. Ndugu wakiona hivyo wanasema dawa imemdhuru. Ndio sababu dozi ya kwanza inafaa kuchukuliwa hospitali chini ya uangalizi, sio chumbani Tandika.

Doksi yenyewe nayo, mara chache, inaweza kupandisha presha ya maji ya ubongo na kuvimbisha neva ya jicho. Kwa hiyo ukiwa katikati ya dozi ukaanza kichwa kipya na ukungu unaokuja na kuondoka, rudi ukaseme, usimalizie tu kwa ushujaa. Imeze na maji mengi ukiwa umekaa, usilale papo hapo itakuchoma koo, na jua lipunguze.

Matone ya deksamethasoni yale wanayoyauza kama pipi, na vidonge vya prednisoloni vya kujinunulia, achana navyo. Hizo zote ni steroidi, dawa za kupunguza uvimbe, na ni kweli madaktari wanazitumia kwa neva iliyovimba, lakini wanajua kwanza kama kuna maambukizi na wanatibu kinachosababisha, wewe ukijipa steroidi huku vijidudu viko ndani umewafungulia mlango wa nyuma. Na yale ya maziwa ya mama, mkojo, chai ya rangi na majani ya kukamuliwa, tuliyaona yote kwenye mlipuko wa macho mekundu mwanzoni mwa 2024, tukaona na watu walivyorudi hospitali na vidonda. Matone hayafiki kwenye neva hata yawe ya dhahabu.

Usimsingizie kupe pia

Mtu akishasoma kitu kama hiki kila ukungu unakuwa kupe. Hapana. Kama uko kwenye dawa za TB, ethambutoli inaweza kuathiri neva ya jicho, rangi zinapotea taratibu macho yote mawili, rudi kliniki ya TB leo. Kama ulikunywa gongo jana na leo unaona ukungu mweupe kama theluji ya kwenye tivii, hiyo inaweza kuwa methanoli na ni dharura. Kuna magonjwa ya kinga ya mwili kushambulia neva, kuna presha ya macho, sukari, Ukimwi.

Na jiji letu hili lina historia yake. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980 madaktari hapa Dar walianza kuona vijana wengi wanapoteza uoni wa katikati, macho yote mawili, taratibu, wengine na ganzi na miguu kuwaka moto, na ilikuwa ni neva ya jicho. Hakukuwa na kupe hapo. Lishe ilitajwa sana, kama ilivyotajwa Cuba walipopata mlipuko wao mkubwa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Tofauti ya kukusaidia ni hii: ya lishe na sumu nyingi inakuja macho yote bila maumivu, ya uvimbe mara nyingi inaanza jicho moja na inauma likigeuka. Sio sheria, lakini inamsaidia daktari ukimwambia.

Nyumbani na kijijini

Mbwa mkague masikioni, katikati ya vidole, chini ya mkia, mwogeshe na dawa aliyoandika daktari wa mifugo, na banda lipulizwe pia, maana kupe wengi hawako kwa mbwa, wako ukutani. Ukitoka mnadani au machinjioni Vingunguti, ukifika nyumbani oga, jikague kinena, kwapa, nyuma ya magoti, nyuma ya masikio.

Kijijini ziba nyufa, piga sakafu saruji kama uwezo upo, kuku na mbuzi wasilale ndani, na usilaze watu chini kwenye udongo. Mjamzito hasa, homa ya papasi inaua mimba na watoto wachanga, huyo apewe kitanda hata kama baba mkubwa atanuna.

Jicho la mdogo wangu lilirudi, sio lote. Anasoma, anaendesha pikipiki, lakini nyekundu ya kulia bado imepauka kidogo, na kile kifuniko cha soda kiko juu ya friji, kila Jumapili anakiangalia kushoto, kulia, anaandika. Mwezi wa 12 tunarudi kwa bibi, arobaini ilipita hatukwenda. Bibi kagoma tembe lake lisibomolewe, anasema limemzalia watoto saba. Basi tumenunua vitanda viwili vya kukunja na neti zenye dawa, vitakaa mbali na ukuta, na miguu yake itawekwa ndani ya makopo ya maji.